Kozini wiki tano sikuvuta hata moja, nimerudi siku mbili tu nimewasha: ni kukosa msimamo?

Swali lenyewe lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Dokta habari za kazi. Nina miaka 34, navuta sigara tangu nikiwa chuo. Juzi kati nilipelekwa kozi ya kikazi mji mwingine, nikakaa siku 35, huko sikuvuta hata moja na wala sikuteseka sana, zile siku za mwanzo tu nilikuwa na hasira za ajabu ajabu. Nikajua nimeshaacha. Nimerudi, siku ya pili tu nikavuta, wiki haijaisha niko kwenye paketi yangu ile ile. Kaka yangu mkubwa anasema sina msimamo, tena anasema mbele ya watu. Kwani tabia inatoka ndani ya mtu au inatoka kwa watu anaokaa nao? Na hizo siku 21 wanazosema zinajenga tabia mbona mimi nilizipita na bado nikarudi?"

Ndugu yangu, asante kwa swali. Nimelisoma mara tatu, kwa sababu nusu ya jibu umeiandika mwenyewe ila hujaiona. Umesema kozini hukuteseka, ukarudi, siku ya pili ukawasha. Sasa jiulize, kama shida ni moyo wako kuwa legevu, huo moyo kule kozini uliuacha wapi? Mtu ni yule yule, mapafu yale yale, umri ule ule, kilichobadilika ni kitanda, njia ya kwenda kazini na sura unazoziona kila siku. Mimi naona wewe hukuiacha sigara, uliacha mahali pake, na uliporudi mahali pake ukaikuta imekaa inakusubiri.

Ila usikimbilie kwa kaka yako kumwambia dokta kasema sina kosa, subiri tufike mwisho.

Kuna habari moja ya zamani huwa napenda kuwasimulia watu wenye swali kama lako. Mwaka 1971, vita vya Vietnam vikiwa bado vinaendelea, Marekani ilipata taarifa kwamba askari wake wengi kule wanatumia heroini. Serikali ikaingia hofu, maana vijana hao walikuwa wanarudi nyumbani kwa maelfu. Mtafiti mmoja anaitwa Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia. Akakuta karibu askari mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa teja kabisa akiwa kule vitani, sio wale wa kuonja. Halafu akawafuatilia nyumbani, na hapo ndipo watu wengi walipogoma kuamini: kati ya waliokuwa mateja, waliorudia uteja ndani ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 5 hivi. Heroini hiyo! Wakati mateja wa kawaida waliokuwa wanatibiwa halafu wanarudishwa mtaa ule ule kwa marafiki wale wale walikuwa wanarudia kwa wingi mno.

Askari aliyeizoea heroini Vietnam aliizoea pamoja na joto la kule, woga wa kule, wenzake wa kule, uchoshi wa kukaa kambini bila cha kufanya, akapanda ndege na vyote hivyo vikabaki nyuma. Wewe umefanya safari hiyo hiyo lakini kinyume chake. Kozi ndiyo ilikuwa ugenini, halafu ukapanda gari ukarudi vitani.

Sasa kwanini mahali panakuwa na nguvu hivyo. Ubongo wetu ni mvivu kwa maana nzuri, kitu ukikirudia sana mahali pale pale unaacha kukifikiria, kazi inahamishiwa kwenye sehemu za ndani ndani kabisa ambazo zinaendesha mambo bila kukuomba ruhusa, ndio maana unafunga mlango halafu njiani hukumbuki kama umefunga. Kuna majaribio ya Wolfram Schultz aliyoyafanya kwa kima miaka ya 80 na 90, alikuwa anapima seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi na kutamani. Mwanzoni kima akipewa tone la juisi zile seli zinalipuka, sawa, amefurahi. Baadaye akawa anawashiwa taa kwanza ndio juisi inakuja, na akishazoea, seli zikawa zinalipuka taa ikiwaka, juisi yenyewe ikija hata hazishtuki. Na taa ikiwaka juisi isije, zinazama chini. Hicho kuzama ndicho wewe unakiita "kuna kitu nakikosa".

Kwa hiyo mshkaji wako akitoa laita mfukoni pale nje ya ofisi, ile "tchk" ndiyo taa yako. Mwili umeshaanza kudai kabla hata hujaamua, halafu akili inakuja nyuma mbio mbio kutunga sababu, leo nina stresi, moja haina shida, nitaacha mwisho wa mwezi. Kozini hiyo taa haikuwaka hata siku moja.

Na nikuongezee kitu ambacho wavutaji wengi hawaambiwi. Zile hasira za ajabu ajabu ulizozisema ndio mwili kudai nikotini, na kwa watu wengi zinapanda sana wiki ya kwanza halafu zinapungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Wewe ulikaa siku 35. Maana yake unashuka kwenye gari unarudi nyumbani mwili wako ulikuwa umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Kilichokurudisha hakikuwa njaa ya nikotini, kilikuwa ile taa na wale watu.

Utafiti mwingine ninaoupenda ni wa bisi, watafiti akina David Neal na Wendy Wood waliuchapisha 2011. Watu waliingia kuangalia sinema wakapewa bisi, wengine mbichi zimetoka kukaangwa, wengine za siku 7 zimeshalegea hazina ladha. Wote waliopewa za zamani walisema hizi mbaya. Lakini wale wenye mazoea ya kula bisi kila wakienda sinema walizila tu, karibu sawa na waliopewa mbichi! Mdomo unasema mbaya mkono unaendelea. Wakapelekwa watu wengine chumba cha mikutano wakaangalie video za muziki na bisi zile zile, huko mazoea yakafa, za zamani wakaziacha. Halafu kuna raundi nyingine pale pale ukumbi wa sinema, waliambiwa wale kwa mkono wasioutumia, wa kushoto kwa anayetumia kulia, na hapo pia wenye mazoea wakaanza kula kwa kuangalia ladha. Yaani kubadilisha mkono tu kuliwaamsha. Hilo la mkono liweke akilini tutalirudia.

Kuhusu siku 21. Hiyo namba ilivyozaliwa ni kichekesho. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Angalau, na ni kuzoea pua mpya. Watu wakalikata neno "angalau" wakalitupa, pua nayo wakaitupa, ikabaki sheria kwamba tabia yoyote ni siku 21, mpaka leo kila mhamasishaji anaiuza. Phillippa Lally na wenzake wa University College London wao walipima kweli, matokeo yakatoka kamili 2010: watu 96 walichagua kitu kidogo cha kufanya kila siku, kama kunywa maji au kufanya zoezi, wakafuatiliwa wiki 12. Muda wa kati kufikia kufanya bila kufikiria ulikuwa siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na kuna ambaye mahesabu yalionyesha angehitaji 254! Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu, mstari uliendelea kupanda.

Ila hata hiyo 66 usiichukue kama dawa, maana hao walikuwa wanajenga kitu kipya, wewe unataka kubomoa cha zamani, ni kazi mbili tofauti. Na wale kila siku walifanya kitu chao baada ya kitu kile kile, tuseme baada ya kula mchana. Zile siku 35 wewe ulikuwa unafanya mazoezi ya kutovuta katika mazingira ambayo hakuna aliyekuwa anakupa sigara. Mazoezi ya kukataa sigara pale nje ya ofisi umefanya siku ngapi? Mbili, na moja ukafeli. Uko mwanzo kabisa ndugu yangu, hujarudi nyuma.

Haya tuje kwa watu, maana hapo ndipo swali lako lilipo hasa.

Solomon Asch, Marekani, miaka ya 50. Anakusanya vijana chumbani, anaonyesha mstari mmoja halafu mingine mitatu, sema upi unalingana. Mtoto mdogo anajua. Kumbe chumba kizima wamepangwa isipokuwa mmoja, na mara kadhaa wote wanataja jibu la uongo, kwa sauti, bila kucheka. Yule mmoja karibu theluthi ya mara hizo alifuata uongo, na watu watatu kati ya wanne walifuata angalau mara moja. Wengi wanaipendea habari hii hapo wanaishia hapo, binadamu ni kondoo basi. Mimi naipendea kitu kingine. Asch aliweka mwenzake mmoja, mmoja tu, anayesema ukweli kabla yake, na makosa yakashuka hadi robo ya yalivyokuwa. Kundi ni lile lile, macho yote yanakuangalia vile vile, lakini una mtu mmoja na hiyo inatosha karibu kuvunja nguvu ya kundi zima.

Kwenye sigara yenyewe kuna ushahidi wa karibu zaidi. Nicholas Christakis na James Fowler mwaka 2008 walichapisha uchambuzi wa watu 12,067 waliofuatiliwa kuanzia 1971 hadi 2003 kwenye utafiti mmoja mkubwa wa magonjwa ya moyo wa mji wa Framingham, Marekani. Mwenza wa ndoa akiacha, uwezekano wa mtu kuendelea kuvuta ulishuka kwa asilimia 67, rafiki akiacha 36, ndugu wa damu akiacha 25, na kwenye ofisi ndogo mfanyakazi mwenzako akiacha 34. Waliona pia kwamba watu hawakuwa wanaacha mmoja mmoja, makundi mazima ya marafiki yalikuwa yanazimika kwa pamoja. Nisikufiche, wapo wataalamu waliowapinga, wanasema huwezi kujua kama rafiki kakuambukiza au mlichaguana kwa sababu mnafanana tangu mwanzo, na hoja yao ina uzito, kwa hiyo hizo asilimia zisome kama zinaonyesha upande ambao upepo unavuma, usizibebe kama vipimo vya dawa. Upande ule mimi siuonei shaka.

Na kuna kitu cha kuchekesha kuhusu makundi. Kila mtu pale kwenye duara la wavutaji nje ya ofisi anaweza kuwa anavuta huku moyoni anataka kuacha, ila anaona wenzake wanacheka anajua wao wanafurahia, ni mimi tu nina wasiwasi. Deborah Prentice na Dale Miller waliikuta hiyo kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, kwenye pombe, 1993, kila mmoja alidhani wenzake wanaridhika na ulevi wa pale chuoni kuliko yeye. Kwenye sigara, mwaka 2015 Marekani karibu asilimia 68 ya watu wazima wanaovuta walisema wanataka kuacha. Piga hesabu duara lenu lina watu wangapi halafu uniambie ni wangapi wanajifanya.

Kwa hiyo tabia inatoka ndani au kwa watu? Kwa kweli hilo swali lina mtego, maana watu wakikaa na wewe miaka kumi wanahamia ndani. Ukivuta peke yako usiku dirishani bado upo nao. Ndani mwako kuna mambo yake pia, siyafuti, kwa mfano ile imani kwamba sigara inakutuliza. Sehemu kubwa ya huo utulivu ni nikotini inazima moto iliouwasha yenyewe saa moja iliyopita. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ukaonyesha walioacha baadaye stresi na wasiwasi vilipungua kuliko walioendelea. Jambo lingine la ndani ni kile ulichokifanya siku ya pili. Ulivuta moja. Moja! Halafu kichwani ikaja sauti basi tena, nimeshaharibu, na siku ya tatu ukanunua paketi. Marehemu Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyeshughulika sana na watu wanaorudia pombe, alilielezea hilo vizuri: kinachomwangusha mtu mara nyingi sio ile ya kwanza, ni tafsiri anayoipa ile ya kwanza. Ukisema "nimeteleza kwa sababu nilisimama pale" unasogea pembeni, ukisema "mimi ndivyo nilivyo" unanunua paketi. Na nani alikupa hiyo tafsiri ya pili? Kaka yako, mbele ya watu.

Tumjadili kidogo huyu kaka. Mtu akiona kosa la mwenzake anataja roho yake, akikosea mwenyewe anataja foleni. Lee Ross mwaka 1977 aliliita hilo kosa la msingi, yaani tunaupa moyo wa mtu uzito mkubwa mno na hali aliyonayo tunaidharau. Kuna jaribio la John Darley na Daniel Batson, 1973, vijana wanaosomea dini walitumwa jengo jingine kwenda kuhubiri, wengine waliambiwa wazungumzie ule mfano wa Msamaria Mwema, na njiani kuna mtu kaanguka mlangoni anakohoa anaugulia. Walioambiwa wana muda walisimama asilimia 63, walioambiwa mmeshachelewa kimbieni walisimama asilimia 10. Na kuwa na mahubiri ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kueleweka. Sasa ungepita pale ukamuona yule aliyeruka ungesema nini? Hana utu. Kumbe kachelewa.

Hilo neno msimamo lenyewe limechokwa huko kwenye utafiti. Zamani kidogo ilikuwa nadharia kubwa kwamba nguvu ya kujizuia ni kama betri, inatumika inaisha, mwaka 2016 maabara zaidi ya 20 wakarudia jaribio kwa pamoja na ile athari ikawa karibu sifuri. Kitu kinachojirudia zaidi ni hiki: watu tunaowaona wana msimamo wa chuma, ukiwafuatilia maisha yao ya kila siku, wanapambana na vishawishi mara chache kuliko sisi. Hawashindi vita nyingi, wanazikwepa. Mimi mwenyewe nilihangaika na simu kitandani miaka, nikajiapiza, nikajitukana, siku nilipohamishia chaja sebuleni ikaisha ndani ya wiki, na mke wangu anadhani nimekua.

Basi ufanye nini. Usianze na kuapa. Chukua siku tatu uandike tu kila sigara ilikuwa wapi, saa ngapi, na nani, ulikuwa unajisikiaje, bila kujizuia. Nabashiri utakuta sigara nyingi zinatoka sehemu mbili au tatu, sio sehemu ishirini. Hizo mbili tatu ndio unazishughulikia. Hapo tumia mipango ya "ikitokea hivi, nafanya hivi", Peter Gollwitzer ameifanyia kazi miaka mingi na inashinda nia za jumla jumla kwa mbali: "mshkaji akitoa laita, naingia ndani kuchukua maji" inafanya kazi kuliko "nitajitahidi", kwa sababu unaifunga tabia mpya kwenye ile ile taa ya zamani. Badilisha mlango wa kutokea kama upo mwingine. Laita na paketi usikae navyo, na kama bado unavuta, basi vuta kwa mkono usiouzoea, unakumbuka bisi, itakukera na hiyo kero ndiyo tunaitaka.

Halafu nenda kituo cha afya uulizie bandiko la nikotini la kubandika kwenye ngozi, au ubani wake wa kutafuna. Najua kuna watu wataona ni udhaifu, waache. Vitu hivyo vinaongeza nafasi ya kufanikiwa kwa kama asilimia 50 hivi ukilinganisha na kwenda mikono mitupu, na wewe ukianza upya zile hasira za wiki ya kwanza zitarudi tena, safari hii ukiwa nyumbani na laita inalia "tchk" pembeni. Usiende mikono mitupu.

Washkaji usiwakimbie wote, utabaki mpweke na upweke nao utakurudisha. Waambie mapema, kabla ya siku yenyewe, nje ya muda wa kuvuta, kwa maneno mafupi: nimeacha, msinipe hata nikiomba. Kuna atakayecheka. Muangalie vizuri asiyecheka, huyo ana lake moyoni.

Kuhusu kaka. Usimpelekee hizi tafiti, hutashinda mabishano, na hata ukishinda utamkera. Mkute peke yake, umwambie kaka, umesema sina msimamo, sawa, naomba mwezi mmoja unipigie simu saa ile ninayotoka mapumziko, dakika tano, tuongee chochote. Unakumbuka yule mmoja wa Asch, aliyesema ukweli chumbani. Akikubali utakuwa umempata, tena ndani ya familia. Akikataa, muombe yule mshkaji ambaye hakucheka.